Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Madikteta wa Ulaya kati ya Vita Kuu Mbili, 1919 hadi 1939

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, kwa wazazi wanaosaidia watoto kazi za nyumbani, na kwa watu wa vijiweni ambao hawachoki kubishana kuhusu Hitler. Majibu mengine ni marefu na mengine mistari miwili, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa. Mwenye haraka aruke hadi swali la Hitler kuchaguliwa. Ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalojibiwa ovyo kuliko yote.

Ufashisti, Unazi, udikteta: si kitu kile kile?

Hapana. Udikteta ni jina la jumla: mtu mmoja au kikundi kinatawala bila kuwajibika kwa bunge wala mahakama. Madikteta wengi wa enzi ile walikuwa wanajeshi au wafalme waliotaka raia wakae kimya, walime, walipe kodi, waende kanisani. Ufashisti haukutosheka na ukimya wako. Ulikutaka uvae shati la chama, uandamane, upige saluti, mtoto wako aingie jumuiya ya vijana, na ukirudi nyumbani uwashe redio umsikilize kiongozi.

Unazi ni ufashisti wa Kijerumani uliojengwa tangu siku ya kwanza juu ya ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya Wayahudi. Italia ilikuwa tofauti hapo mwanzo. Chama cha Mussolini kilikuwa na wanachama Wayahudi hadi mwaka 1938, zilipotungwa sheria za kuwabagua.

Lipo pia neno la Kiitaliano *totalitario*, yaani utawala unaotaka kila kitu, usioacha hata kona moja ya maisha ya mtu. Mwanasiasa Giovanni Amendola alilitumia mwaka 1923 kumlaumu Mussolini. Mussolini akalipenda, akalivaa kama nishani. Amendola mwenyewe alipigwa vibaya na wahuni wa chama, akafa mwaka 1926.

Neno "fashisti" lina maana gani?

*Fascio* ni fungu, kitu kilichofungwa pamoja. Maofisa wa Roma ya kale walitembea wakitanguliwa na fungu la fimbo lenye shoka katikati, alama ya mamlaka ya kuchapa na kuua. Ajabu ni kwamba miaka ya 1890 neno hilohilo lilitumiwa na wakulima maskini wa Sicilia waliojiunga kudai haki zao. Baadaye likachukuliwa na watu waliowapiga wakulima kama hao.

Kwa nini mambo haya yalizuka wakati ule?

Madaftari ya shule huorodhesha sababu sita au saba: Mkataba wa Versailles (ulioiadhibu Ujerumani baada ya vita), mdororo wa uchumi, hofu ya ukomunisti, udhaifu wa serikali, na kadhalika. Orodha si mbaya, ila humfanya mtu adhani sababu zikifika sita udikteta huota wenyewe kama uyoga. Finland ilikuwa na hofu kubwa ya ukomunisti, ikapona. Ufaransa ilipigwa na mdororo, ikabaki na bunge lake hadi jeshi la Ujerumani lilipoivamia mwaka 1940.

Mimi huanza na vita vyenyewe. Himaya nne zilianguka: ya Urusi, ya Ujerumani, ya Austria na Hungaria, na ya Osmani. Mamilioni ya wanaume walirudi nyumbani wakijua kazi moja tu, kuua, wakakuta hakuna ajira wala shukrani. Wengi walijiunga na vikosi vya mgambo visivyo na serikali juu yake.

Msomaji wa huku anamjua mmoja wa watu wa mazingira hayo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, yuleyule aliyewazungusha Waingereza kuanzia Tanga hadi Msumbiji kwa migongo ya askari na wapagazi wetu, alijisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918. Machi 1920 alikuwa Schwerin, kaskazini mwa Ujerumani, akiunga mkono jaribio la Wolfgang Kapp la kuipindua serikali halali. Wafanyakazi waligoma, umeme na treni zikasimama, na baada ya siku chache mapinduzi yakafa. Lettow alipoteza cheo. Demokrasia ya Ujerumani, basi, ilikuwa na watetezi, na mwaka 1920 walishinda. Swali la maana ni walikwenda wapi ilipofika 1933.

Je, Mussolini aliiteka Roma kwa nguvu?

Ndivyo alivyopenda isimuliwe. Ukweli unachekesha kidogo, mpaka ukumbuke yaliyofuata.

Mussolini alikuwa msoshalisti na mhariri wa gazeti la chama chake, akafukuzwa mwaka 1914 kwa kupigia debe vita. Tarehe 23 Machi 1919 alianzisha kundi lake Milano, na katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo hakuambulia hata kiti kimoja. Angeweza kuishia hapo. Kilichomwinua ni mashamba ya bonde la mto Po. Vibarua walikuwa wamejenga vyama vyenye nguvu, na wenye mashamba wakatafuta watu wa kuvivunja. Usiku lori la mashati meusi, yaani mgambo wa Mussolini, linafika kijijini, ofisi ya chama inachomwa moto, katibu anatolewa kitandani, anapigwa rungu, kisha anashikwa mdomo na kunyweshwa mafuta ya nyonyo hadi ajichafulie mbele ya watu. Polisi walikuwa wakitazama pembeni, na wakati mwingine ndio waliowaazima lori.

Mwaka 1921 mzee Giovanni Giolitti, mwanasiasa mjanja kuliko wote wa Italia, aliwaingiza wafashisti katika orodha yake ya uchaguzi. Alidhani wakipata viti watatulia. Walipata 35, na hawakutulia.

Ndipo tunafika tarehe 28 Oktoba 1922. Maelfu ya mashati meusi walikuwa nje ya Roma, wamelowa mvua, wengi bila silaha ya maana. Jeshi lililokuwa mjini lingeweza kuwatawanya. Waziri Mkuu Luigi Facta aliandaa amri ya hali ya hatari, akampelekea Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu. Mfalme akakataa kutia saini. Mussolini hakuwa hata Roma. Alikuwa Milano, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Uswisi, akisubiri upepo utavuma wapi. Alipoitwa aje aunde serikali, alipanda treni ya usiku yenye vitanda, akashuka Roma asubuhi ya tarehe 30. Wafuasi wake walipita mitaani kwa gwaride baada ya yeye kukabidhiwa kazi. Na bunge lenye wafashisti 35 kati ya wabunge zaidi ya 500 likampa kura ya imani.

Kwa hiyo Italia ikawa udikteta siku ileile?

Hapana, ilichukua kama miaka minne. Mwaka 1923 ilipitishwa Sheria ya Acerbo: orodha itakayoongoza, ikipata walau robo ya kura, inachukua theluthi mbili ya viti. Uchaguzi wa Aprili 1924 uliendeshwa kwa sheria hiyo, na kwa rungu.

Tarehe 30 Mei 1924 mbunge msoshalisti Giacomo Matteotti alisimama bungeni akaeleza, jimbo baada ya jimbo, jinsi kura zilivyoibwa, huku akizomewa kila sentensi. Tarehe 10 Juni, akitembea kando ya mto Tiber kuelekea bungeni, wanaume walimkamata na kumsukumiza ndani ya gari. Gari hilo lilikuwa limeonekana likirandaranda karibu na kwake, na namba yake ilikuwa imeandikwa na bawabu aliyelitilia shaka. Kwa namba hiyo wauaji walijulikana haraka, na nyuzi zikaelekea kwenye ofisi za watu wa karibu na Mussolini. Mwili ulipatikana msituni tarehe 16 Agosti.

Kwa miezi kadhaa Mussolini aliyumba, hata baadhi ya wafuasi wake walivua beji za chama. Wabunge wa upinzani walisusia bunge, wakiamini mfalme atachukua hatua. Mfalme hakufanya lolote. Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini akaingia bungeni na kutamka kwamba dhamana ya yote yaliyotokea ni yake, anayeweza kumshtaki na amshtaki. Hakuna aliyethubutu. Mwishoni mwa 1926 vyama vingine vilikuwa vimepigwa marufuku.

Kususia bunge lile bado kunanitatiza. Walikuwa watu waadilifu, na uadilifu wao ulimwachia Mussolini ukumbi mtupu.

Ni kweli treni za Mussolini zilifika kwa wakati?

Baadhi ya njia kubwa zilitengenezwa vizuri, na sehemu ya kazi hiyo ilianza kabla yake. Waliosifu zaidi walikuwa watalii waliopanda treni hizo kubwa.

Je, Hitler alichaguliwa na wananchi?

Kama unamaanisha kwamba Wajerumani wengi walimpigia kura, na kwa hiyo akapewa nchi, jibu ni hapana. Kama unamaanisha kwamba mamilioni walimtaka kwa hiari yao, jibu ni ndiyo. Fuata tarakimu za chama chake:

Mei 1928: asilimia 2.6, viti 12.
Septemba 1930: asilimia 18.3, viti 107.
Julai 1932: asilimia 37.3, viti 230.
Novemba 1932: asilimia 33.1, viti 196.

Tazama mstari wa mwisho. Chama kilikuwa kimeanza kushuka na hazina yake ilikuwa imekauka. Katika uchaguzi wa rais mwaka huohuo Hitler alishindwa na Paul von Hindenburg, mzee wa zaidi ya miaka 80. Wapo waliofunga mwaka wakidhani habari yake imekwisha.

Aliyempandisha ngazi ni Franz von Papen. Alikuwa kansela, yaani mkuu wa serikali, kwa miezi michache mwaka 1932, akaondolewa, akapandwa na kisasi kwa aliyemrithi, Jenerali Kurt von Schleicher. Alimwendea Hitler, kisha akamshawishi Hindenburg: tumpe ukansela, lakini tumzungushie mawaziri wetu. Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akaapishwa. Ndani ya baraza la mawaziri Wanazi walikuwa watatu tu: yeye, Wilhelm Frick na Hermann Göring. Papen, makamu wake, aliwatuliza wenye wasiwasi kwamba muda si mrefu watakuwa wamembana Hitler kwenye kona.

Alichosahau Papen kuhesabu ni polisi. Göring alipewa wizara ya mambo ya ndani ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote nchini. Mwezi uliofuata aliwafunga vitambaa mkononi makumi ya maelfu ya mgambo wa chama na wenzao, akawaita polisi wasaidizi. Waliokuwa wakipiga watu mitaani jana, leo ndio waliokuwa wakiwakamata waliopigwa.

Si mfumuko wa bei ndio uliomleta Hitler?

Hili ni kosa la miaka. Mfumuko mkubwa wa bei ulikuwa mwaka 1923, dola moja ilipofika marki trilioni 4.2 na watu wakalipwa mshahara kwa vikapu. Mwaka huohuo, Novemba, Hitler alijaribu mapinduzi kutoka kwenye ukumbi wa bia Munich, akashindwa, akahukumiwa miaka mitano na kutumikia kama miezi tisa tu. Miaka mitano baadaye alikuwa na asilimia 2.6.

Kilichomletea kura ni kinyume cha mfumuko: mdororo ulioanza 1929. Mapema mwaka 1932 wasio na kazi walikuwa kama milioni sita. Kansela Heinrich Brüning alikata mishahara na posho za wasio na ajira ili bajeti ikae sawa, na kwa kuwa bunge halikukubali, alitawala kwa amri za rais chini ya Ibara ya 48 ya katiba. Watu walizoea kutawaliwa kwa amri miaka miwili na zaidi kabla ya Hitler kushika kalamu. Kumbukumbu ya 1923 ilichangia kwa upande mmoja: wenye akiba walioona akiba yao ikigeuka karatasi hawakuwa na imani tena na jamhuri.

Kwa nini wapinzani wake hawakuungana?

Novemba 1932 wasoshalisti na wakomunisti kwa pamoja walikuwa na viti 221, Wanazi 196. Ila wakomunisti, kwa maelekezo ya Moscow, waliwaita wasoshalisti "wafashisti wa kijamii" na kuwaona ndio adui wa kwanza. Nao wasoshalisti hawakusahau kwamba mwaka 1919 damu ilimwagika kati yao. Makundi hayo mawili yalikutana kwa mara ya kwanza bila kugombana kwenye kambi ya Dachau, iliyofunguliwa tarehe 22 Machi 1933.

Ilichukua muda gani kuivunja demokrasia ya Ujerumani?

Chini ya miezi sita. Tarehe 27 Februari 1933 jengo la bunge liliungua. Kesho yake rais akatia saini amri iliyofuta uhuru wa kusema, wa kukusanyika na wa kutokamatwa ovyo. Amri hiyo "ya muda" ilidumu hadi utawala ulipokwisha. Uchaguzi wa tarehe 5 Machi, pamoja na vitisho vyote, uliwapa Wanazi asilimia 43.9. Hata hapo hawakufika nusu.

Tarehe 23 Machi wabunge walikutana katika ukumbi wa opera wa Kroll, mgambo wamejipanga kuta zote, kupigia kura sheria ya kuiruhusu serikali itunge sheria bila bunge. Ilihitaji theluthi mbili. Wabunge wakomunisti hawakuwemo: wengine gerezani, wengine mafichoni. Chama cha Wakatoliki kilipiga kura ya ndiyo baada ya kuahidiwa kwamba kanisa halitaguswa. Otto Wels, kiongozi wa wasoshalisti, ndiye peke yake aliyesimama kupinga. Matokeo: 444 kwa 94.

Tarehe 1 Mei wafanyakazi walipewa sikukuu yenye malipo, kwa mara ya kwanza. Tarehe 2 Mei ofisi za vyama vyao zilivamiwa na viongozi wakabebwa. Tarehe 14 Julai kikabaki chama kimoja. Katiba ya zamani haikufutwa rasmi, iliachwa rafuni tu.

Watu wa kawaida walikubali, au waliogopa?

Vyote viwili, mara nyingi ndani ya mtu mmoja. Kazi zilirudi, sehemu kubwa kwa ajili ya silaha. Redio za bei nafuu ziliingia majumbani. Toleo lenyewe liliitwa VE 301, namba hiyo ikiwa ni tarehe 30 ya mwezi wa kwanza, siku Hitler alipopewa ukansela. Na polisi wa siri walitegemea sana majirani waliokuja wenyewe kusema fulani kasema nini.

Italia kadi ya chama iligeuka kadi ya mkate, maana bila hiyo kazi ya serikali huipati. Watu walizitania herufi za chama, PNF, wakisema kirefu chake ni *per necessità familiare*, kwa mahitaji ya familia. Mwaka 1931 maprofesa wa vyuo vikuu walitakiwa kuapa utii. Walikuwa kama 1,200. Waliokataa walikuwa kumi na wawili hivi. Waliobaki walikuwa na watoto wa kulisha, na sidhani kila anayewacheka angekuwa wa kumi na tatu.

Ni nchi mbili tu?

Hizo ndizo zenye sifa mbaya zaidi. Hungaria ilikuwa chini ya Admirali Horthy tangu 1920. Piłsudski alichukua Poland kwa jeshi Mei 1926, mwezi uleule wanajeshi walipoipindua jamhuri ya Ureno. Miaka miwili baadaye wakamwita profesa wa uchumi, Salazar, awatengenezee hesabu. Akakaa madarakani hadi 1968, na Msumbiji wanajua gharama yake. Mfalme Alexander alifunga bunge la Yugoslavia Januari 1929. Austria ilifuata 1933, Estonia na Latvia 1934, Ugiriki 1936. Hispania ilipigana yenyewe kwa yenyewe miaka mitatu, ndege za Hitler na askari wa Mussolini wakimsaidia Jenerali Franco, hadi aliposhinda mwaka 1939. Wengi wa hawa hawakuwa wafashisti kamili. Waliazima saluti na magwaride.

Na Stalin?

Dikteta huyu wa Umoja wa Kisovieti hakuwa mfashisti; alitoka upande wa pili wa siasa. Lakini kwa kutaka kumiliki maisha yote ya raia, hakupitwa na mtu. Njaa ya 1932 na 1933, iliyotokana na kunyang'anya wakulima mashamba na nafaka, iliua mamilioni, na katika miaka miwili tu, 1937 na 1938, watu zaidi ya 600,000 walipigwa risasi. Tofauti kubwa ya njia ni kwamba Stalin alipanda kutoka ndani ya chama kilichokwisha kuua vyama vingine. Hakuhitaji mfalme wala rais mzee wa kumfungulia mlango.

Kuna nchi zilizoponea chupuchupu?

Zipo, na ndizo ninazozipenda kuzisimulia. Mwaka 1932 wafuasi wa siasa kali Finland walikusanyika Mäntsälä wakiwa na silaha. Rais Svinhufvud, mhafidhina ambaye walimdhani mwenzao, alikwenda redioni akawaambia warudi makwao. Walirudi. Linganisha na kalamu ya mfalme wa Italia.

Ubelgiji, Aprili 1937, Léon Degrelle, kiongozi wa wafashisti wa huko, alilazimisha uchaguzi mdogo Brussels ili kuonyesha nguvu zake. Vyama vikuu vyote, wahafidhina, waliberali na wasoshalisti, vikaacha ugomvi na kumsimamisha mtu mmoja, Waziri Mkuu Paul van Zeeland, na hata wakomunisti hawakuweka wa kwao. Degrelle alipata kama kura moja kati ya tano. Hakuinuka tena hadi Wajerumani walipoingia.

Afrika Mashariki iliguswa vipi?

Kwanza kupitia Ethiopia. Italia ilivamia tarehe 3 Oktoba 1935, ikatumia gesi ya sumu ambayo yenyewe ilikuwa imetia saini kutoitumia, ikaingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936. Haile Selassie aliposimama Geneva tarehe 30 Juni kuhutubia Umoja wa Mataifa wa wakati ule, waandishi wa habari wa Kiitaliano walimpigia miluzi. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka huku kwetu walikuwa katika jeshi lililowafukuza Waitaliano mwaka 1941. Kanisa dogo lililo kando ya barabara ya Mai Mahiu, Kenya, lilijengwa na mateka wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara hiyo.

Kulikuwa na Mswahili yeyote aliyeishi Berlin chini ya Hitler?

Walikuwapo wachache. Anayejulikana zaidi ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe alitumika vitani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malipo ya jeshi ya baba yake na yake. Wakubwa walimkatalia. Akabaki, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani tarehe 27 Januari 1933, siku tatu kabla Hitler hajaapishwa.

Kazi ya uhudumu ilimtoka mwaka 1935. Mwaka 1941, baada ya kuigiza katika filamu ya kumtukuza mkoloni wa Kijerumani Carl Peters, alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Leo kuna kipande kidogo cha shaba kwenye njia ya waenda kwa miguu Berlin chenye jina lake, na ukitaka kulisoma inabidi uiname.